Kufundisha Kiingereza kwa Watu Wazima: Twauza Lugha au Twauza Aibu?

Saa kumi na moja za jioni, wakati ofisi na maduka ya miji yetu yanapoanza kufungwa, wako watu wazima ambao hawaendi nyumbani moja kwa moja. Mpishi wa hoteli, karani wa bandari, dereva, muuguzi, mfanyabiashara wa vitambaa anayesafiri Dubai kununua mali, na mama aliyemaliza darasa la saba miaka ishirini iliyopita, wote hushika njia ya chumba kimoja cha kupanga kilicho juu ya duka au nyuma ya ukumbi. Humo ubao umetundikwa, madawati yamepangwa, na mwalimu, ambaye mara nyingi ni kijana kuliko wao, anawangoja. Wamelipa ada kwa fedha yao wenyewe. Wamekuja kujifunza Kiingereza.

Sisi tumekuwa walimu katika chumba cha namna hiyo, katika shule moja ya binafsi jijini Dar es Salaam, kwa miaka kadhaa. Kazi hiyo imetupa riziki, lakini imetupa pia swali ambalo hatukuweza kulikimbia. Katika makala haya tutajaribu kulieleza swali hilo na kulijibu kadiri tuwezavyo. Swali lenyewe ni hili: katika taifa lenye lugha yake, je, ni haki kumtoza mtu mzima fedha ili kumfundisha lugha ya watu wengine? Na kama ni haki, mwalimu ana deni gani kwa mwanafunzi wake, zaidi ya maneno na sarufi alizolipiwa?

Majibu mawili yasiyotosha

Wako wanaojibu haraka kwamba kazi hiyo si haki hata kidogo. Hao husema kuwa Kiingereza ni lugha ya mtawala wa jana, kwamba kukifundisha ni kuendeleza kasumba, na kwamba mwalimu wa Kiingereza ni kuli anayebeba mizigo ya utamaduni wa kigeni na kuishusha mlangoni mwetu. Jibu hili lina ukweli ndani yake, na tutaurudia ukweli huo. Lakini halitoshi. Kiswahili chenyewe hakikukua kwa kujifungia ndani. Kilikopa kwa Waarabu maneno ya dini, ya biashara na ya elimu. Kwa Wareno kilipata meza, leso na gereza. Kwa Wajerumani kilipata shule. Kwa Wahindi kilipata gari na laki. Kwa Waingereza kilipata baiskeli na hospitali. Kila neno kililolichukua kilikivika vazi lake. Kwa kuwa hupenda silabi iishe kwa irabu, kitabu cha Mwingereza kilipofika kwetu kikaitwa buku, wala hakuna aliyeona kwamba Uswahili umepungua.

Tena, tunaye shahidi mkubwa zaidi. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesimama mbele ya wote katika kukipandisha Kiswahili, alikijua Kiingereza vizuri sana, na alikitumia ujuzi huo kwa faida ya lugha yake. Mwaka 1963 ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, na mwaka 1969 ikafuata Mabepari wa Venisi. Mtu huyo hakukichukia Kiingereza, wala hakukiabudu. Alikifanya kuwa mtumishi. Basi hatuwezi kusema kwamba kuijua lugha ya kigeni ni uhaini, wala kwamba anayeifundisha ni haini.

Wako wengine ambao jibu lao ni jepesi zaidi. Hao husema kuwa hii ni biashara kama biashara nyingine. Mtu anataka Kiingereza, mwingine anacho, wapatane bei na mambo yaishe. Hili nalo halitoshi, na sababu yake haifichiki. Anayenunua sabuni hatoki dukani akiwa na mawazo mapya juu ya nafsi yake. Lakini anayejifunza lugha huingia darasani akiwa amejivua silaha. Mtu mzima aliyezoea kusema akasikilizwa, kuamua ugomvi wa ndugu, kuposa na kuozesha, hujikuta hawezi kuomba hata maji. Kwa saa mbili kila jioni huwa kama mtoto mbele ya wenziwe. Anayepewa mamlaka juu ya mtu katika hali hiyo ameshika amana, na amana haipimwi kwa mizani ya dukani.

Kwa nini wanakuja

Hatuwezi kuueleza wajibu wa mwalimu bila kueleza kwanza ni nini kinachomleta mwanafunzi. Hapa yafaa tukumbuke historia kidogo.

Taifa letu lina sifa ya kufundisha watu wazima. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata wilaya sita, yaani Mafia, Ukerewe, Masasi, Kilimanjaro, Pare na Rungwe, ziliwekwa mbele katika kazi ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika. Mwaka 1975 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliundwa kwa sheria. Katika Kanda ya Ziwa vilitungwa vitabu vya kisomo kuhusu pamba, migomba, uvuvi na ufugaji, ili mkulima asome juu ya kile anachokishika kwa mikono yake kila siku. Mambo mengi ya kampeni zile yanaweza kukosolewa, lakini jambo moja lilikuwa sawa tangu msingi: mtu mzima alifundishwa kwa lugha yake. Mzee aliyeketi chini ya mwembe akijifunza herufi alikosa kuandika tu, hakukosa kusema. Angeweza kumwuliza mwalimu, kumpinga na kumtania. Utu wake ulikaa naye darasani.

Katika madarasa yetu ya jioni hali si hiyo. Na waliotuletea wanafunzi hao si mkoloni peke yake. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule zetu za msingi za umma, na mwaka huohuo Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa. Lakini shule za sekondari ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kutumika katika Kidato cha Kwanza kuanzia mwaka 1985. Serikali ya wakati ule haikulikubali pendekezo hilo. Sera ya elimu ya mwaka 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kitumike katika ngazi zote, lakini sekondari zimebaki na Kiingereza.

Maana yake ni kwamba tumejenga nyumba ambayo chumba cha kwanza kina ufunguo mmoja na chumba cha pili kina kufuli jingine. Mtoto aliyesoma miaka saba kwa bidii hufika mlango wa pili akaambiwa kuwa ufunguo alionao haufungui hapo. Wengine hujisukuma wakapita. Wengine hubaki kizingitini, na baada ya miaka ishirini tunawakuta katika vyumba vya kupanga saa kumi na moja za jioni, wakilipa ada. Shule ya binafsi ya Kiingereza imejengwa kwenye kizingiti hicho, na sisi walimu wake ndio tunaopokea ushuru wa kupitia.

Hatusemi haya ili kumlaumu mtu. Twayasema kwa sababu yanaleta hukumu moja muhimu: mtu mzima asiyejua Kiingereza hana kosa lolote. Hakuwa mvivu, wala hakuwa mpumbavu. Alisoma alichofundishwa. Akija kwetu na kusema, kama wengi wanavyosema siku ya kwanza, "Mwalimu, mimi sikusoma, mimi mjinga tu," anajishuhudia uongo, na mwalimu anayeuacha uongo huo usimame amekwisha kuanza kuuza kitu ambacho si lugha. Ameanza kuuza aibu.

Kopo la shilingi mia

Sasa tueleze jambo lililotufumbua macho, ingawa halitupi sifa.

Katika darasa letu palikuwa na kanuni, nasi ndio tuliokuwa tukiisimamia kwa ukali. Mtu akisema neno la Kiswahili baada ya somo kuanza, alitia shilingi mia katika kopo lililowekwa mbele ya ubao. Tuliona kwamba kanuni hiyo ni ya kuchangamsha. Wanafunzi walicheka mwenzao alipoteleza, na yeye pia alicheka akaenda kutia fedha. Mwisho wa mwezi fedha za kopo zilinunua soda za darasa zima. Hakuna aliyelalamika, nasi tukajiona walimu hodari.

Jioni moja mama mmoja, mwuza chakula wa sokoni, alipata ujumbe katika simu yake. Tulimwona akiusoma, kisha akakaa kimya. Hakujibu maswali aliyoulizwa. Tulimhimiza kwa Kiingereza ajaribu, naye akatikisa kichwa. Somo liliendelea kwa muda wa dakika 40 hivi. Tulipolifunga, aliinuka upesi, akasema kwa Kiswahili kwamba mwanawe amepelekwa zahanati akiwa na homa kali, na kwamba anaomba ruhusa aondoke. Tulishangaa, tukamwuliza kwa nini hakusema tangu mwanzo. Akajibu, "Sikujua namna ya kuomba ruhusa kwa Kiingereza. Na shilingi mia sikuiogopa, mwalimu. Niliogopa kuchekwa."

Mtoto alipona. Lakini maneno ya mama yule hayakututoka. Mwanamke ambaye sokoni hashindwi na mtu kwa maneno, ambaye mgambo na wateja wote wanamjua, alikaa dakika 40 akiwa na moto moyoni, kwa sababu darasa letu lilikuwa limemnyima lugha aliyokuwa nayo kabla ya kumpa ile aliyoilipia. Hakuna aliyemfungia mlango, wala hatukumkataza kuondoka. Aibu peke yake ilitosha kumfunga, na aibu hiyo tulikuwa tukiipalilia sisi, kwa kicheko, kila jioni.

Jambo hili ndilo linaloonyesha tofauti kati ya kuuza lugha na kuuza aibu. Anayeuza lugha humwongezea mtu. Alikuwa na lugha moja au mbili, sasa ana nyingine. Anayeuza aibu humpunguzia kwanza, kisha humtoza fedha kwa matumaini ya kurudishiwa kile alichonyang'anywa. Biashara ya pili ina faida kubwa, maana mtu anayejiona pungufu hachoki kulipa. Hiyo ndiyo sababu matangazo mengi ya kozi hayasemi tu kwamba Kiingereza kitakufaa kazini. Hudokeza kwamba bila Kiingereza wewe si mtu wa kuhesabiwa. Na hiyo ndiyo sababu yanaahidi miujiza.

Tuitazame ahadi moja. Twasoma mara kwa mara kwamba mtu atazungumza Kiingereza fasaha kwa miezi mitatu. Tufanye hesabu. Saa mbili kila jioni, siku tano kwa juma, kwa majuma 12, ni saa 120. Wenye mitihani ya Kiingereza ya Cambridge hukadiria kuwa mtu anayeanzia chini huhitaji saa kati ya 350 na 400 za kufundishwa ili aweze kujieleza katika mambo ya kawaida ya kazi na safari. Saa zetu 120 ni theluthi moja ya hizo tu, kama hakuna mvua, hakuna msiba, wala hakuna zamu ya usiku kazini. Mwanafunzi asiyeambiwa hesabu hiyo, miezi mitatu ikiisha naye bado anababaika, hasemi kwamba ahadi ilikuwa ya uongo. Husema kwamba yeye ni mzito wa kichwa. Uongo wa mwenye shule umegeuka kuwa hukumu juu ya mwanafunzi. Hapo dhuluma ni mbili: amepoteza fedha, na amepoteza imani juu yake mwenyewe.

Mtu mzima haji mikono mitupu

Wanafunzi wetu wengi hupenda kujikatisha tamaa kwa methali isemayo kwamba samaki mkunje angali mbichi. Hujiona wao ni samaki waliokauka. Lakini methali ile ni ya malezi ya tabia. Haikukusudiwa kumfungia mtu mzima mlango wa elimu. Wazee haohao ndio waliosema kwamba elimu haina mwisho. Na ukweli tuliouona darasani ni kwamba mtu mzima anapokosea, mara nyingi hakosei kwa kutojua, bali hukosea kwa kujua. Ana mfumo mzima wa lugha kichwani, naye anautumia.

Mathalani, mwanafunzi akisema habari za mama yake kwa Kiingereza, huweza kutumia neno la mwanamume, na wenziwe wakaangua kicheko. Lakini Kiswahili hakimtengi mume na mke katika neno "yeye". Badala yake kinatenga mambo mengine ambayo Kiingereza hakiyajali. Mtu anayesema "kitabu kikubwa kimeanguka" amelinganisha maneno matatu kwa upatanisho mmoja bila kufikiri, na amekuwa akifanya hivyo tangu utoto, kwa ngeli zote. Mwingereza anayejifunza Kiswahili hutokwa na jasho hapo. Mwalimu anayeeleza jambo hili amemsahihisha mwanafunzi, na papo hapo amemwonyesha kwamba yeye ni mtaalamu wa sarufi aliyekuwa hajijui.

Hali kadhalika katika saa. Dereva mmoja wa hoteli aliambiwa na mgeni amchukue "two o'clock", naye akafika saa mbili asubuhi, akangoja hadi saa nane mchana. Alidhani ameonyesha ujinga. Tulimweleza kuwa hesabu yake ina mantiki kamili: sisi huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, wao huanza usiku wa manane na adhuhuri, na tofauti ni saa sita daima. Akishalijua hilo hapotei tena.

Mfano wa tatu ni mzito zaidi, maana unagusa maadili yenyewe. Muuguzi mmoja alimwona mgeni akijikwaa, akamwambia "sorry". Mgeni akamjibu kwamba si kosa lake. Muuguzi alifadhaika, alikuja kutuuliza kwa nini alijibiwa kama mshtakiwa. Sababu ni kwamba Kiswahili kina maneno mawili. Tuna "samahani" kwa mwenye kosa, na tuna "pole" kwa yeyote anayeshiriki maumivu ya mwenziwe bila kuwa na kosa lolote. Kiingereza hubebesha neno moja mizigo yote miwili, na mara nyingi huielewa ile ya kosa kwanza. Lugha yetu imeona haja ya kuwa na neno maalumu la kumshika mwenzako mkono katika dhiki, hata dhiki ya kujikwaa tu. Mwanafunzi anayeliona hilo hataacha kujifunza Kiingereza, bali atajifunza akiwa ameinua kichwa, kwa sababu amegundua kwamba kuna kitu ambacho lugha yake inakisema vizuri zaidi.

Hapa ndipo tunapoona kwamba kufundisha Kiingereza si lazima kuwe kinyume cha utamaduni wa taifa. Darasa la lugha ya kigeni linaweza kuwa kioo. Wengi wetu hatujapata kuitazama lugha yetu mpaka tuliposimama kando yake, katika lugha nyingine, tukageuka nyuma. Mwalimu mwenye busara hukitumia Kiswahili kama ngazi ya kupandia Kiingereza, na akifika juu haiteketezi ngazi.

Huruma si heshima

Baada ya jambo la mama yule tuliliondoa kopo. Tulidhani kwamba tumemaliza kazi. Lakini mzee mmoja, mpishi wa hoteli, mwenye umri wa kutuzaa, alibaki baada ya somo akatuambia hivi: "Mwalimu, kopo mmeliondoa, vema. Lakini tangu mliondoe mmeanza kutuhurumia. Nikikosea mnanyamaza. Mimi sikuja kuhurumiwa. Nimelipa ili nisahihishwe."

Alisema kweli. Tulikuwa tumetoka kosa moja tukaingia jingine. Aliyemdhihaki mwanafunzi hakumheshimu, lakini hata anayemwachia makosa yake kwa kumwonea huruma hamheshimu, kwa sababu amekwisha amua moyoni kwamba mtu huyu hawezi. Kumheshimu mtu mzima ni kumtaka afanye kazi ngumu na kuamini kwamba ataiweza. Fundi haongezi sifa ya mwanagenzi kwa kuusifu mlango uliopinda.

Wako walimu wenzetu wanaotupinga kwa hoja nyingine. Wanasema kwamba ukikiruhusu Kiswahili darasani, wanafunzi watakimbilia humo daima, na Kiingereza hakitazungumzwa. Hoja hii ina uzito, nasi tumeiona ikitimia baadhi ya jioni. Lugha haijifunzwi kwa kuelezwa tu; sharti isemwe, kwa kubabaika, mpaka ulimi uzoee. Hivyo hatudai kwamba darasa la Kiingereza liendeshwe kwa Kiswahili. Twadai kwamba kuna tofauti kati ya zoezi na adhabu. Tulikubaliana na wanafunzi wetu, kwa kauli yao wenyewe, kwamba nusu ya kila kipindi itakuwa ya Kiingereza kitupu, na kwamba nusu nyingine mtu aweza kuuliza kwa lugha yoyote anayoijua. Nusu ile ya kwanza ilikuwa ngumu kuliko kopo, na matunda yake yalikuwa makubwa kuliko ya kopo, kwa kuwa waliiingia kwa hiari. Mpiga mbizi hushika pumzi kwa kutaka. Anayezamishwa kichwa ndani ya maji hafundishwi kuogelea.

Tulibadilisha pia somo la kwanza. Zamani tulianza kwa kutaja kalamu, kitabu na dirisha. Sasa siku ya kwanza tunafundisha namna ya kusema kwamba sijaelewa, namna ya kumwomba mwalimu arudie, na namna ya kuomba ruhusa ya kutoka. Ni sentensi tatu tu. Kwa sentensi hizo mtu mzima, hata akiwa hajui neno jingine, amerudishiwa haki ya kuuliza, ya kungojewa na ya kuondoka. Mengine yote yaweza kujengwa juu ya hapo.

Wajibu wa kila mmoja

Tukirudi kwenye swali letu, sasa twaweza kulijibu. Kumfundisha mtu mzima Kiingereza kwa malipo ni haki, kama mwalimu wa ushonaji au wa udereva anavyolipwa kwa haki, mradi yatimizwe masharti fulani.

Mwalimu ana deni la ukweli na deni la heshima. Amwambie mwanafunzi siku ya kwanza kazi iliyoko mbele ni ya muda gani, asimfiche. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima mtu aonyeshwe ukubwa wa kibaba. Amsahihishe bila dhihaka na bila huruma ya kumdogosha. Wala asikubali, hata kwa utani, kwamba Kiingereza ni jina jingine la akili.

Mwenye shule ana deni la kutotangaza asichoweza kukitoa. Aliyepanga chumba, akanunua ubao na kumlipa mwalimu, anastahili faida yake. Hastahili faida inayotokana na kumtisha mwuza chakula kwamba yeye si mtu.

Mwanafunzi naye ana wajibu. Asije kujifunza Kiingereza ili apate namna mpya ya kuwadharau aliowaacha nyumbani. Tumewaona wachache ambao, baada ya kozi moja, huanza kuchanganya lugha mbele ya wazazi wao ili wasieleweke. Hao wamenunua aibu kwa jumla ili waiuze kwa rejareja. Mkataa kwao ni mtumwa, na utumwa wa namna hii hauhitaji mnyororo.

Na taifa lina wajibu ulio mkubwa kuliko yote. Kila mlango ambao taifa linaufungua kwa Kiswahili humpunguzia raia ushuru wa kizingitini. Kwa miaka mingi hukumu na kumbukumbu za Mahakama Kuu ziliandikwa kwa Kiingereza, na mtu aliweza kushinda au kushindwa kesi yake kwa maneno asiyoyafahamu. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, ingawa imeacha nafasi ya kutumia Kiingereza inapobidi. Mwaka huohuo UNESCO iliitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Siku ya kusherehekea ni jema, lakini mlango wa mahakama ni jema zaidi, na mlango wa sekondari bado unangoja. Milango hiyo ikifunguka, Kiingereza hakitafukuzwa. Kitabaki kwa ajili ya kazi zake halali, yaani biashara ya ng'ambo, sayansi, safari na mazungumzo na wageni. Atakayekuja kwetu jioni atakuja kwa sababu anataka kuongeza, wala si kwa sababu anaona haya.

Siku hiyo huenda wanafunzi wetu wakapungua, na riziki yetu ikapungua nayo. Twakiri kwamba jambo hilo linatugusa. Lakini mwalimu ambaye riziki yake inategemea mwenziwe aendelee kujidharau ana sababu ya kuitazama upya riziki yake.

Mzee yule mpishi bado yuko darasani. Kila jioni anapofika mlangoni, sisi ambao ni vijana kwake humwamkia, "Shikamoo, mzee," naye hujibu, "Marahaba, mwalimu." Kisha huketi, nasi tukasimama mbele ya ubao, tukaliamkia darasa zima kwa Kiingereza, naye husimama pamoja na wenziwe akaitikia kwa Kiingereza. Mwanzoni tulidhani kwamba moja ya maamkizi hayo imezidi. Sasa twaona kuwa zote mbili zahitajika, kila moja mahali pake. Ile ya mlangoni yasema kwamba umri wake na utu wake umeingia naye darasani. Ile ya ubaoni yasema kwamba yuko kazini. Mwalimu wa Kiingereza akiweza kuzitunza zote mbili, taifa halina sababu ya kumwogopa.